Jibu la Noela

Crystal, Minnesota
9 Novemba 1996

Dada Dafrosa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, kwa sababu meza ya jikoni imejaa makaratasi ya serikali na sitaki kuyachanganya. Karatasi zangu za ukaazi zimetoka, dada. Ni karibu miaka saba tangu niondoke Njombe, na minne tangu visa ya shule iishe nikawa mtu wa kujibanza, naogopa hata kugongewa mlango. Sasa naishi hapa kihalali, na jina la Noela limeandikwa chini ya jina langu. Ataitwa ubalozini Dar es Salaam kwa mahojiano, nadhani mwezi wa nne. Kila kitu kinatakiwa kiwe kimekwisha kabla ya mwisho wa Septemba. Ikipita hapo, nafasi yake inafutwa.

Nimehama pia. Nimechukua nyumba huku Crystal, pembeni ya Minneapolis, ina vyumba vitatu na banda la gari. Chumba cha Noela kinatazama uani. Nimekipaka rangi ya waridi, nimemwekea kitanda, meza ya kusomea, kabati, taa yenye umbo la bata, na baiskeli ambayo naiweka humo humo chumbani isishike kutu. Kila nikipita dukani narudi na kitu chake. Serah, Mkenya ninayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee kule Maplewood, alikuja kukiona. Alisimama mlangoni muda mrefu, halafu akasema, "Sister, wewe mchana una-work hapa, jioni una-work pale. Hii nyumba unaikaa saa ngapi?" Nikamwambia nitaikaa mtoto akija.

Naomba uanze kumzoesha. Mwambie mama yake amemwandalia mahali. Namtumia tena magauni na viatu, vipimo nimekadiria tu.

Najua umemlea tangu ana miaka miwili. Nitakulipa siku moja, dada, sitasahau.

Mdogo wako,
Bernadetha


Njombe
15 Desemba 1996

Detha mpenzi,

Marahaba. Barua imefika na mzigo umefika. Nashukuru Mungu kwa karatasi zako. Nilikuwa nikisali kila Jumapili uache kujificha.

Magauni mawili yalimbana mabegani na la tatu lilimfikia kwenye vifundo vya miguu. Nimeyafumua nikayashona upya, kazi yangu ndiyo hiyo. Viatu nimempa Alice wa jirani visiozee ndani. Usikasirike. Huwezi kujua mguu usiouona.

Krismasi Noela atatimiza miaka tisa. Darasani kwao wako zaidi ya themanini na yeye ametoka wa tano. Asubuhi kabla ya shule ananitungia uzi kwenye sindano kumi, maana macho yangu hayaoni tena tundu la sindano. Nazichomeka kwenye kitambaa pembeni ya cherehani, zinanitosha mpaka arudi. Tangu shemeji yako Jairus afariki, nyumba hii ina watu wawili tu, na tumeshazoea hivyo.

Nilimsomea barua yako. Akauliza, "Huko baridi inazidi ya hapa?" Nikamwambia inazidi. Akauliza, "Na wewe utalala wapi?" Nikamwambia mimi nabaki Njombe. Akakunja barua akairudisha kwenye bahasha.

Unasema utanilipa. Sielewi unanilipa kitu gani.

Kama sasa una karatasi na unaweza kusafiri, kwa nini usije mwenyewe umchukue? Mtoto si kifurushi cha posta, Detha.

Dada yako,
Dafrosa


Crystal
2 Februari 1997

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi na bado sehemu ya mwisho inanichoma. Unadhani sitaki kuja? Kazi mbili zikiniachia siku moja kwa wiki, siku hiyo nafua nguo na kulala. Nikiomba likizo ya mwezi mzima watamweka mtu mwingine, na nyumba hii itaondoka kabla mtoto hajaiona. Theluji imefika madirishani. Asubuhi nachimba njia ya gari kwa koleo kabla ya kwenda Maplewood, na nikitoka Maplewood nakuja moja kwa moja huku Crystal kwenye kazi ya jioni, nyumba ya kutunzia watu wenye ulemavu. Kwangu naingia kuvua viatu.

Lakini nikuchekeshe kidogo. Pale kwenye nyumba ya wazee kuna Bibi Elna. Ana miaka themanini na nane na kumbukumbu zimemtoka. Mchana namlisha, namsuka nywele zake nyeupe, na yeye ameamua kwamba mimi ni binti yake. Ananiita Stacy. Stacy mwenyewe yupo, anakuja kila Jumapili kutoka mbali amebeba blauzi mpya. Jumapili iliyopita alimbusu mama yake, mama akanigeukia mimi akauliza, "Huyu mwanamke ni nani, na kwa nini analia?" Stacy alinitazama kama mwizi. Nifanye nini sasa? Mimi ndiye niliyepo. Bibi akiniita mwanangu naitika, basi anakula chakula chote.

Tarehe imetoka. Ni tarehe 22 Aprili. Mpeleke Noela, ukae naye kwa rafiki yako wa Ukonga, mmalize mrudi. Akiulizwa maswali, ajibu kwa sauti.

Mdogo wako,
Bernadetha


Njombe
28 Aprili 1997

Mpendwa Detha,

Tumerudi salama. Noela alipata homa tulipofika Dar es Salaam, joto la kule hajalizoea, kwa hiyo hatukuweza kuhojiwa siku ile. Wamesema watatoa siku nyingine. Usiwe na wasiwasi.

Mvua ni nzuri. Viazi vimekubali.

Dafrosa


Crystal
14 Juni 1997

Dada,

Jana imefika barua ya ubalozi. Inasema Noela alihojiwa tarehe 22 Aprili, saa nne asubuhi. Inasema majibu ya mtoto hayakulingana na maombi, kwamba mliambiwa mrudi na cheti chake cha ubatizo ndani ya wiki mbili, na kwamba hamkurudi, ila jalada liko wazi mpaka mwisho wa Septemba.

Wewe uliniandikia kuhusu homa, na viazi.

Nimeisoma barua yao nikiwa nimeegesha gari nje ya kazi, nikachelewa kuingia kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Sikuombi mengi. Niambie kilichotokea pale kwenye dirisha la ubalozi.

Bernadetha


Njombe
10 Julai 1997

Detha,

Nimeanza barua hii mara tatu. Safari hii nitaimaliza hata kama itatoka vibaya.

Homa haikuwepo. Tulifika mapema, Noela amevaa lile gauni la bluu nililolifumua. Tuliitwa. Palikuwa na kijana mmoja wa Kizungu na pembeni yake mama wa Kitanzania wa kutafsiri. Waliniuliza mimi kwanza, wewe ni nani wa mtoto huyu. Nikajibu, mama yake mkubwa, mama yake mzazi ni mdogo wangu, yuko Marekani. Hapo sikukosea.

Kisha yule mama wa Kitanzania akainama akamuuliza Noela, kwa upole tu, "Mama yako yuko wapi, mwanangu?"

Noela akanishika mkono. Akasema, "Huyu hapa."

Yule mama akatabasamu. Akamwambia, "Huyu ni mama mkubwa. Nakuuliza mama aliyekuzaa." Noela akasema, "Ni huyu." Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayetaja jina la shule yake.

Yule kijana akaacha kuandika akanitazama. Alikuwa ananisubiri mimi niseme. Ningesema tu, mtoto amechanganyikiwa, mimi nimemlea tangu mdogo ndiyo maana anasema hivyo. Wangeelewa. Mambo ya namna hiyo lazima wanayaona kila siku.

Sikusema. Nilikaa kimya, mkono wa mtoto ukiwa kwenye mkono wangu, na nitakwambia kitu ambacho sijakiungama hata kwa padre. Nilifurahi. Nimezika watoto wawili wachanga, Detha, unalijua kaburi lao. Hakuna mtu aliyewahi kuulizwa mama yake ni nani akanionyesha mimi. Nilifurahi mpaka nikaona haya kuinua uso.

Wakasema turudi na cheti cha ubatizo. Nilikuwa na wiki mbili. Nikapanda basi siku ya pili nikarudi Njombe, nikakuandikia uongo ule.

Uliponiletea habari ya yule bibi anayekuita binti yake, nilicheka. Sasa naikumbuka usiku na mchana na sicheki.

Cheti kiko kabatini, chini ya mashuka. Septemba bado haijaisha. Ukisema nikipeleke, nitakipeleka. Uamuzi ni wako, wewe ndiye uliyemzaa.

Dafrosa


Crystal
3 Agosti 1997

Dafrosa,

Miaka saba nimefanya kazi mchana na jioni. Nimewafuta vinyesi wazee wa watu nikijiambia hiki ni kitanda chake, hizi ni ada zake za shule, hili ni koti lake la baridi. Na wewe ulikuwa umekaa kwenye cherehani unanifumua kama gauni.

Umeniibia mtoto. Sina neno jingine.

Peleka cheti. Mfundishe jibu. Asiposema sawasawa safari hii, usiniandikie tena.

Bernadetha


Njombe
1 Septemba 1997

Kwa Mama mdogo Bernadetha,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini na wewe hujambo. Mama hajui kama nakuandikia. Bahasha nimepewa na mwalimu Cyrus, na anwani nimeinakili kwenye barua zako.

Mama amelia siku nne. Hapiki, napika mimi. Nilimuuliza barua inasema nini akasema inasema kweli. Nikaisoma mwenyewe alipokwenda kisimani. Mama mdogo, usimkasirikie. Mimi ndiye niliyejibu, yeye hakujibu kitu.

Tumeshakata tiketi. Tutaondoka tarehe 22 Septemba. Nimefundishwa jibu na nimeshalijua. Wakiniuliza mama yako ni nani nitasema mama yangu ni Bernadetha, anaishi Minnesota, mama mkubwa ananilea tu. Kila jioni mama ananiuliza na mimi najibu. Jana nilijibu bila kukosea akasema vizuri sana, kisha akatoka nje.

Nina swali. Nikija huko, mama atatungiwa uzi na nani? Alice nimemjaribu lakini hana subira. Nimeanza kutunga sindano nyingi na kuziweka kwenye kopo, nimefika mia moja na ishirini. Sijui zitamtosha siku ngapi.

Asante kwa magauni. Asante kwa chumba. Mama ameniambia kina taa ya bata.

Ni mimi,
Noela


SIMU YA MAANDISHI
18 SEPTEMBA 1997
DAFROSA, MSHONA NGUO SOKONI, NJOMBE
MSIENDE DAR. RUDISHENI TIKETI. BARUA INAKUJA. DETHA


Njombe
20 Novemba 1997

Detha,

Simu yako ilifika siku mbili kabla ya safari. Ilisema barua inakuja. Nimekwenda posta kila Jumatatu na kila Alhamisi, karani sasa ananiona tu anatikisa kichwa. Mwanzo nilisingizia mvua. Mwaka huu imenyesha kama iliyofunguliwa bomba, barabara zimekatika sehemu nyingi. Lakini barua za watu wengine zinafika.

Septemba imepita na nafasi ya mtoto imepita nayo. Sijui ulituzuia kwa sababu gani. Usiku mwingine nadhani ulitusamehe. Usiku mwingine nadhani ulinawa mikono juu yetu, kwamba ulimaanisha kaeni huko huko, mimi na ninyi basi. Kama ni hilo, liandike. Noela anauliza.

Ameacha kutunga sindano za kopo. Anatunga kumi kila asubuhi, kama zamani.

Dada yako, kama bado,
Dafrosa


Phillips, Minneapolis
11 Januari 1998

Dada Dafrosa,

Shikamoo. Mvua haina kosa. Barua niliyoahidi sikuiandika. Niliianza, nikaiacha, nikaianza tena, kila mara ikawa inakulaumu au inanihurumia mimi, nikaichana.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, kisha utaamua kama bado ni dada yangu.

Barua ya Noela niliipata tarehe 17 Septemba. Nilifika kwenye zile sindano mia moja na ishirini nikashindwa kuendelea. Kesho yake nilipeleka simu ile kabla sijabadili mawazo. Lakini usidhani nilikuwa nimetulia. Wiki zilizofuata nilijuta kila asubuhi. Septemba ilipokwisha nililala chini kwenye zulia la chumba kile, pembeni ya baiskeli, nikakuchukia. Nakwambia kwa sababu na wewe uliniambia la kwako.

Mwezi wa kumi Bibi Elna alifariki. Stacy alikuja na maboksi kuondoa vitu, nikaambiwa nimsaidie. Tukafungua kabati. Zile blauzi alizokuwa akimletea kila Jumapili zilikuwa zimejaa, nyingi bado zina karatasi za dukani. Mama yake alikuwa anavaa mbili tu, moja ikifuliwa anavaa nyingine, na alikuwa hataki nyingine. Stacy aliziangalia, akakaa kitandani.

Akaniuliza, "Mchana alikuwa anasema nini na wewe?"

Nilitaka kudanganya. Nikamwambia kweli. Nikasema, "Alikuwa ananiita jina lako, na mimi nilikuwa naitika. Nisamehe."

Akachukua blauzi moja akaikunja. Kisha akauliza, "Alipokuita hivyo, alikuwa na furaha?"

Nikasema ndiyo, alikula vizuri, alikuwa anacheka.

Akasema, "Basi nashukuru ulikuwa unaitika." Akaendelea kukunja zile blauzi moja moja, nami nikamsaidia mpaka maboksi yakajaa. Alinipa mkono alipoondoka. Sikujua nishike vipi mkono wa mtu niliyempora kitu na bado ananishukuru. Nikawa nawaza, mimi mdogo wako nilikuandikia nini mwezi wa nane.

Siku ile sikwenda kazi ya jioni. Nilirudi Crystal nikafungua mlango wa chumba cha waridi. Nguo za mtoto wa miaka mitano zilikuwemo, dada. Na za miaka sita, na saba. Nilikuwa nimezinunua tangu nikiwa kwenye vyumba vya kupanga nikihama nazo. Nilikuwa namnunulia mtoto ambaye alishakua, nikaacha kuonana na yule aliyepo. Uliniuliza kwa nini nisije mwenyewe, nikakujibu habari za likizo. Haikuwa likizo. Niliogopa kusimama mbele yake akaniangalia kama Bibi Elna alivyomwangalia Stacy.

Nilimwita Serah tukapakia vitu kwenye gari lake na langu. Vingi tulipeleka kanisani kwao, wanapokea familia za wakimbizi. Kuna mama mmoja wa Kisomali alimpandisha mtoto wake kwenye ile baiskeli pale pale, ndani ya ukumbi wa kanisa, theluji ikidondoka nje. Nilidhani nitaumia. Niliumia kidogo. Serah akaniambia, "At least sasa inaendeshwa."

Nyumba nimeiachia. Kazi ya Crystal nimeiacha pia, nimebaki na Maplewood. Naishi Phillips, kusini mwa mji, chumba kimoja juu ya duka la mkate. Nina kitanda, meza, viti viwili na sufuria tatu. Wiki ya kwanza sikujua nifanye nini jioni. Nilikaa nikingoja kuchelewa mahali. Sasa napika ndizi ninazozipata kwa Wamexico hapa chini, nakula nikiwa nimekaa, namsikia jirani akimwimbia mtoto wake kwa lugha nisiyoijua. Jumamosi iliyopita theluji ilianguka mchana mzima, nikaiangalia tu, sikuwa na pa kuikimbilia. Nimeishi nayo miaka minane, na sikuwahi kuona kwamba inapoanguka haina sauti.

Sikudanganyi kwamba nimepona. Kuna asubuhi naamka na hasira ile ile, nakaa nayo mpaka chai iive. Lakini nikihesabu nilicho nacho sasa, nakukuta wewe. Mtoto wangu ana miaka kumi, ana afya, anajua kusoma, ana subira ya kutunga uzi, na akiulizwa mama yake yuko wapi hana haja ya kufikiri. Mimi nilimtakia mambo hayo yote. Wewe ndiye uliyempa. Niliandika kwamba umeniibia, na nilikuwa na neno jingine, sikutaka tu kulitafuta. Asante, dada.

Karatasi za Noela sitazifufua. Akiwa mtu mzima akataka kuja, tutazungumza wakati huo, na yeye akiwemo.

Naomba ruhusa nije mwezi wa sita. Nimeomba wiki tatu kazini, wamenipa. Wakimweka mtu mwingine, basi.

Mdogo wako,
Bernadetha


Njombe
15 Februari 1998

Detha,

Marahaba. Marahaba tena.

Njoo. Usilete mzigo. Noela anakua haraka, na mimi nimechoka kufumua.

Kuhusu yale ya mwezi wa nane, uliandika ukweli nusu, na mimi nilikuwa nimeficha nusu nyingine. Tuyaache hapo. Siwezi kukwambia kwamba siogopi kuja kwako. Naogopa akikuona atakupenda. Lakini njoo.

Dada yako,
Dafrosa


Phillips, Minneapolis
19 Julai 1998

Dada mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, ndege ilichelewa Amsterdam lakini nimefika. Nimerudi kazini tangu Jumatatu. Wazee wameniuliza nilikuwa wapi, nimewaambia nyumbani.

Mengi tuliyasema tukiwa wote jikoni, na mengine hatukuyasema, ndiyo maana naandika.

Siku ile nilipofika, Noela alipiga goti akasema, "Shikamoo mama mdogo," ukamkemea mbele ya watu wote wa stendi. Nilikwambia mwache, ukadhani najikaza. Wiki ile ya kwanza nilikuwa najikaza kweli. Nilikuwa natafuta kazi ya kumfanyia, nimwogeshe, nimfulie, na yeye hayo yote anajifanyia. Nikawa nakaa pembeni ya moto na baridi yenu ile, najiona kama mgeni wa parokia.

Kuna mchana mmoja ulikuwa umesinzia kwenye kiti, mimi na yeye tukimenya viazi. Akaniuliza bila kuniangalia, "Kwa nini hukuja siku zote?"

Nikamwambia, "Niliogopa hutanijua."

Akageuza kiazi mkononi. Akasema, "Nisingekujua kweli." Akachukua kiazi kingine. Baada ya muda akasema, "Sasa nakujua kidogo. Unamenya vibaya, unatupa nyama na ganda." Akanionyesha kisu kinavyoshikwa. Tukamaliza ndoo nzima. Ulipoamka ulituuliza tunacheka nini, tukasema hakuna kitu, na kweli hakikuwepo cha kusimulia. Miaka minane nilikuwa najenga mahali pa kukaa na mtoto wangu. Mahali penyewe palikuwa kigoda na ndoo ya viazi.

Uliogopa atanipenda. Nadhani amenipenda, kwa kiasi cha wiki tatu. Hakukupunguzia kitu, nilikuwa natazama. Alikuwa akitoka shule anakutafuta wewe kwanza, kisha ananisalimia mimi. Mwanzo nilihesabu hatua hizo. Mwisho niliacha.

Sasa lile ninalotaka ulijue, maana siku ya kuondoka ulikuwa umegeuka unafuta macho na kitenge, hukuona. Mwaka wa tisini, nilipoondoka stendi hiyo hiyo, Noela alilia mpaka akatapika. Ulikuwa umembeba, anarusha mikono kuelekea dirishani kwangu, na mlio ule nimekuwa nao miaka yote, ndani ya gari, ndani ya vyumba vya wazee, kila mahali. Safari hii nilijiandaa kuusikia tena. Basi lilipowaka alisogea dirishani, akanipa mkono, akasema, "Safari njema, mama mdogo. Uandike ukifika." Kisha akakushika wewe mkono, mkaanza kupanda kuelekea sokoni. Aligeuka mara moja akapunga. Hakulia. Alikuwa anarudi nyumbani na mama yake, angelia nini?

Nikakaa kitini nikamshukuru Mungu kwa hilo, dada, kwa moyo wangu wote, na mimi ndiye niliyelia, mpaka Makambako.

Mdogo wako,
Detha